Radhi Nimeitanguliza

Kaeni chini, wanangu, sijafa bado, na huyo aliyewapigia simu kuwaambia njooni mumwahi mama yenu nilimtuma mie mwenyewe, kwa hiyo msije mkamlaumu rafiki yangu Rubabbai wa watu, yeye kazi yake ilikuwa kutia huzuni kwenye sauti na kukata kabla hamjauliza maswali. Valerian, wewe uliambiwa dada yako leo yuko hospitali kwenye mashine. Yasmini, wewe uliambiwa kaka yako kaenda Masasi kutafuta magogo. Mmekutana hapo mlangoni mkatazamana kama paka wa nyumba mbili, na mie nilikuwa nawaona kupitia pazia, nikacheka mpaka kifua kikanibana. Mnisamehe. Mwanamke aliyebakiwa na mapafu yaliyojaa maji na moyo unaopiga kwa kusuasua hana tena mbinu nyingi za kuwaweka wanawe ndani ya chumba kimoja.

Valeri, toka hapo mlangoni, usisimame kama fundi aliyekuja kupima dirisha. Vuta kigoda cha baba yako. Na wewe Yasmini panda hapa kitandani, inua miguu, naiona ilivyovimba, viatu vimekuacha alama kama kamba. Mie nitasema na nyie mtanyamaza, maana pumzi nilizobaki nazo sitaki kuzigawana na ubishi.

Mnajua nililowaitia. Yasmini figo zake zimekufa zote mbili, anaishi kwa kusafishwa damu, anarudi kutoka kwenye mashine rangi imemtoka kama nguo iliyoanuliwa kwenye jua kali. Wewe Valeri ulipimwa, ikaonekana yako moja ingemfaa, ukakubali mbele yetu sote, tukalia, tukala biriani. Ilipofika siku ya kulazwa Yasmini akalala pale anakusubiri, simu umezima, hukuonekana. Tangu siku hiyo hamjapeana hata salamu, na ukoo mzima umenikodolea macho mie, wanangoja nife vizuri, yaani nife nimekuamuru.

Kabla ya hilo nataka mjue mlichonifanya. Mmenigawana. Yasmini anakuja siku zake, Valeri anakuja Jumapili akitoka kanisani, na kila mmoja kabla ya kuingia anachungulia kwanza ndala zilizoko nje, akiziona za mwenzake anageuzia kwenye kona kwa muuza mkaa. Mnadhani sijui? Muuza mkaa ndiye anayenihadithia. Baba yenu Albano aliponunua kiwanja hiki hapa Boko, wenzake wachongaji kule Mwenge walimcheka, wakasema Mmakonde kachoka na watu kaenda kuishi na ngedere. Sasa pamejaa watu, lakini kila mtu na geti lake, kila geti na mbwa wake, mtu ukiugua ndani hakuna wa kukugongea. Rubabbai ndiye aliyekuwa ananigongea, naye mwanawe Hadi kamchukua akakae naye ghorofani mjini, tumebaki kuongea kwa simu, yeye ananipa ya mjini mie nampa ya Boko. Nyie mnaniitaga mmbea. Ni kweli, lakini hamjawahi kujiuliza mmbea anaundwa na nini. Anaundwa na jioni ndefu na sahani moja. Nikipika nasonga ugali wa mtu mmoja, mkono unakataa, nasonga wa watatu, asubuhi nawapa kuku.

Basi. Wiki iliyopita alikuja baba yenu mdogo, Sebastian. Kaja na kofia yake ya kikao, nikajua leo kuna maneno. Akanywa uji wangu wote kwanza. Kisha akasogeza kiti.

"Shemeji," akaniambia, "wewe hapo ulipo ni mtu wa safari."

Nikamwambia, "Na wewe shemeji unaniaga au unanisukuma?"

"Usinifanyie utani, Mauwa. Mtoto anakwisha. Mwite yule mwoga, shika ziwa, mtamkie. Mwambie kwa ziwa hili ulilonyonya, usipompa nduguyo figo, radhi yangu usiipate. Atakwenda mbio. Neno la mama anayekufa nani atalivuka?"

Nikalisogeza pembeni bakuli la uji. Akaongeza kijiti kwenye moto. "Ukiona ziwa halitoshi, mpe nyumba. Andika nyumba ni ya Valerian, akitoa figo. Asipotoa, nyumba ya Yasmini. Uone kama hajapanda kitanda cha hospitali peke yake."

Sebastian sio mtu mbaya, anampenda Yasmini kweli, na jambo alilolisema ni la kwetu. Mlikuwa wadogo, lakini mama yangu kule Newala nilimwona kwa macho yangu akimshikia kaka yangu ziwa ili asiende kufanya kazi ya mkonge Tanga, na kaka yangu hakwenda. Alibaki. Alilima, alioa, alizaa, na maisha yake yote alipokuwa anamsalimia mama alikuwa anaangalia chini, kama mtu anayepita mbele ya jela aliyowahi kufungwa. Kiapo cha ziwa kinafanya kazi, wanangu, hilo ndilo baya lake.

Alipoondoka Sebastian nilijiangalia kifuani hapa. Maziwa yenyewe yamekuwa mifuko mitupu. Nikajiuliza, hivi hiki ndicho kitu cha mwisho chenye nguvu nilichobakiwa nacho duniani? Na kama ndicho, nakitumia kwa nini? Nisiwadanganye, nilijaribu. Nilikaa peke yangu nikashika, nikasema jina lako Valeri kwa sauti, nisikie linavyosikika. Halikusikika kama jina la mwanangu. Lilisikika kama ninaita ng'ombe zizini.

Sogezeni maji hapo. Ahsante.

Nataka niwakumbushe nilivyompata huyu Yasmini, maana mnaijua nusu. Alipozaliwa nilitokwa damu mpaka godoro likalowa na sakafu ikalowa, na manesi wakatoka nje kuuliza, ndugu wa mgonjwa wako wapi, watu waje watoe damu. Baba yenu alikwenda Mwenge mbio kuwaita wenzake. Nyie mnawajua wachongaji, mtu akishika tezo anapasua gogo la mpingo kama muhogo, lakini siku hiyo mmoja akakumbuka ana malaria, mwingine mkewe amemkataza, mwingine akasema damu yake ni ya mizimu haichanganywi na ya mwanamke aliyezaa. Albano karudi peke yake, katoa yake, haikunifaa. Aliyekuja ni Remtulla, mume wa Rubabbai, Mhindi mwenye duka aliyekuwa ananunua vinyago vya baba yenu na kumpunja kila mwezi. Alisikia dukani kwake watu wanahadithia, akafunga duka, na Mhindi kufunga duka mchana mnajua maana yake. Akaja na shati lake jeupe, akakunja mkono. Hakuulizwa na mtu. Kwao wanafundishwa hivyo, kila mwaka wakiwa kwenye maombolezo ya Imamu wao Husseini vijana wao wanapanga foleni wanatoa damu, yeye alikuwa ameshazoea.

Nilipopona maneno yalitembea mpaka Mtoni. Mauwa sasa ana damu ya Kihindi, mtamwona anaanza kupika bila nyama. Baba yenu kwa siku kadhaa aliniangalia jicho la pembeni, mwisho akaniuliza, "Sasa huyu Remtulla nimwiteje?" Nikamwambia uliza wazee. Wazee wetu wakakaa, wakasema jambo hili sio geni, zamani watu wawili wakitaka undugu walikuwa wanachanjiana, huyu analamba damu ya yule kwa punje ya korosho, na wakishachanjiana hawaoani wala hawadhulumiani. Huyu kamwaga damu yake ndani ya Mauwa, basi ni kaka yake Mauwa, na kwako Albano ni shemeji. Remtulla alipoambiwa alicheka mpaka miwani ikaanguka, lakini tangu siku hiyo alimlipa baba yenu bei ya haki, akasema shemeji hapunjwi. Na alipofariki nilikwenda. Wana makaburi yao na taratibu zao, wanawake hatukuingia, nilisimama nje ya ukuta peke yangu na khanga yangu, mie dada yake, nasikia sauti za watu zinasoma lugha nisiyoijua, na damu yake inatembea ndani yangu mie niliye nje. Nimewahi kuwa mpweke, wanangu, lakini siku ile nilikuwa mpweke nikiwa na mtu ndani.

Yule mtu hakuamriwa. Ndiyo maana deni lake halijawahi kunielemea hata siku moja, lilinibeba. Na ndiyo maana na mie nikaanza kwenda, kila lilipokuja gari la damu kwenye uwanja wa shule nilikuwa wa kwanza, mpaka waliponiambia bibi, umri umepita, kaa unywe soda. Soda niliinywa. Iliniuma lakini niliinywa.

Yasmini ulipougua, wewe hujui hili, nilikwenda kwa daktari wako bila kukuambia, nimevaa vizuri, nimejipaka wanja. Nikamwambia daktari, chukua ya kwangu, zote mbili ukitaka, mie nimekwishakula chumvi. Kijana yule hakunicheka. Akanipima kwa heshima, akaniambia, "Bibi, zako na zenyewe zimechoka, na moyo wako hauwezi kisu." Nikarudi nyumbani na figo zangu kama mtu aliyepeleka nyanya sokoni zikarudi zimelainika. Hakuna kitu kinachomweka mtu peke yake kama kuwa tayari kutoa na kuambiwa ulicho nacho hakifai.

Nikamuuliza na maswali mengine, maana mie kuuliza ndiyo kazi yangu. Mtu anaishi na figo moja? Akasema anaishi, akipimwa vizuri na akijitunza, anafanya kazi, anazaa. Hakuna hatari? Akasema hatari haikosekani, ni kisu. Nikampenda kwa kutonidanganya. Kisha akaniambia jambo lililonikaa: kabla ya upasuaji wanamchukua mtoaji pembeni, peke yake, bila ndugu, wanamuuliza kama kuna mtu kamshurutisha. Akisema hataki, wanawaambia ndugu hakufaa, basi, hawasemi zaidi. Nilipita kwa shehe wa mtaa, nikamwendea na padri wako Valeri, padri akashtuka kuona ushungi ofisini kwake. Nyie tuliwagawana tangu mwanzo, wa kiume kanisani kwa baba yake, wa kike msikitini kwangu, basi nikaona nisikie pande zote. Walizunguka kila mtu kwa kitabu chake, lakini wote walitua kwenye neno moja, hiari. Isiwe biashara, isiwe kwa kulazimishwa, isiwe kujiangamiza. Wahenga walikwishasema, hiari yashinda utumwa, na wakasema kutoa ni moyo usambe ni utajiri. Hawakusema kutoa ni ziwa la mama yako.

Na wale wanaokuita mwoga, Valeri, ngoja niwataje, nisipousema utamu huu nitakufa na dukuduku moyoni. Kwenye kile kikao cha ukoo ilipoulizwa nani mwingine aende kupimwa, Sebastian huyo huyo wa kofia alisema figo zake ni za urithi. Audax wa shangazi akasema yeye ana figo moja tu tangu kuzaliwa, na alipoulizwa kajuaje akasema anahisi. Yule mke wa Sebastian alikwenda chooni akarudi kikao kimekwisha. Hao ndio majaji wako.

Sasa nisikilize wewe, Yasmini, mwanangu wa damu mbili. Kuna habari nilikuwa nayo nikaificha, na mnajua mie kuficha habari ni kama mtu mwingine kushika kaa la moto. Nimeiweka kwa sababu nilitaka muisikie wote wawili mkiwa mmekaa. Unamjua Naima, muuza chai ng'ambo ya geti la hospitali, nilikuwa nakaa kwake nikikusubiri utoke kwenye mashine. Siku moja ananiambia, "Bi Mauwa, yule mwanao mchongaji ndiye mwenye kovu la patasi kidoleni?" Nikamwambia ndiye, kafanyaje? Akasema, "Huyo alikaa kwangu siku nzima, begi la nguo mapajani. Kaagiza chai ikapoa, nikambadilishia, ikapoa. Geti likifunguliwa anainuka, likifungwa anakaa. Nikamuuliza, kaka, una mgonjwa humo ndani? Akaniambia, mgonjwa mimi. Jua linazama ndio kaondoka, begi kalisahau, nimekuwekea."

Begi hilo hapo, chini ya kitanda, lenye maua. Taulo, ndala mpya, mswaki haujatolewa kwenye karatasi. Yasmini, lile ulilolia nalo muda wote huu, kwamba kaka yako hakuja, si kweli. Alikuja. Alifika mpaka getini. Alichoshindwa ni geti.

Usiiname Valeri, sikusemi vibaya. Mtu anayepanga mswaki mpya sio mtu aliyekusudia kukimbia. Una watoto wadogo, una Yuliana mkeo aliyelia usiku kucha, una kazi ya kukaa chini na kutumia mgongo, na una mwili mmoja. Mwili wa mtu ni nyumba ambayo komeo lake liko ndani, anayegonga na agonge, mwenye kufungua ni mwenyewe. Baba yako alikufundisha mpingo ukiwa unachutama kando yake, sijui kama unakumbuka. Gogo bichi alikuwa anapaka nta kwenye vichwa vyake na kuliweka kivulini, likae mpaka litakapokuwa tayari. Kulikuwa na yule mwenzake mwenye haraka, alikuwa anaweka gogo karibu na moto ili likauke upesi, na kila mara tulisikia limelia kwa ndani, pwaa, limepasuka mpaka kwenye moyo mweusi. Likishapasuka, hata uwe fundi wa namna gani, unachonga ufa.

Sitaki kuchonga ufa. Kwa hiyo hili ndilo nililowaitia. Ziwa sitalishika. Radhi yangu naitanguliza, naitoa sasa hivi, kabla Valeri hajasema ndiyo wala hapana, ili isije ikawa bei ya kitu. Valerian mwana wa Albano, utoe usitoe, niko radhi nawe duniani na akhera, na atakayekuambia mama yako alikufa na kinyongo mwambie aje aulize kaburini. Yasmini, upewe usipewe, niko radhi nawe, lakini na wewe nakuomba, usiitazame figo ya nduguyo kama kitu ulichoibiwa. Haikuwa yako. Ungeipata ingekuwa zawadi, na zawadi haidaiwi, ikidaiwa inageuka. Naomba umsamehe, hata kama Mungu... ngojeni.

Ngojeni kidogo. Maji.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, sawasawa, na Yuliana asisikie tofauti. Msiuze kwa hasira. Vifaa vya baba yenu vya Valeri. Cherehani ya Yasmini, na vile vyombo vya bahasha... vya kabati, gawaneni bila kuhesabu. Ugomvi wangu na mke wa Sebastian wa mambo ya vitenge umekwisha, mwambieni nilikuwa sahihi lakini nimesamehe. Rubabbai asimame ndani. Mnanisikia? Mie nilisimama nje ya ukuta, yeye asisimame nje, mkalisheni mkekani na wafiwa, ni wifi yangu wa damu, na asiyejua aelezwe.

Arobaini yangu sitaki iishie kwenye ubwabwa. Waiteni wale wa gari la damu, waweke vitanda hapo uwanjani, anayetaka atoe, asiyetaka ale tu, asisimangwe. Sebastian na kofia yake awe wa kwanza kuulizwa. Kuulizwa tu. Ningetamani... ningetamani kuwepo nisikie visingizio.

Mola awaangalie. Awape kulala usingizi bila kuchungulia ndala za mtu. Awafanye kila mmoja mlango wa mwenziwe, wa kufunguka kwa ndani.

Macho yameanza ukungu. Valeri, mbona kigoda ni kitupu. Umehamia huku. Ni wewe umeipakata hiyo miguu ya dada yako, au naona vibaya. Ndiyo, ikande, taratibu, kuanzia kisigino, hivyo ndivyo anavyopenda tangu mtoto.

Usiseme. Naona mdomo unafunguka, ufunge. Jibu lako, lolote liwalo, mpe yeye, na siku nyingine mpe yule daktari, pembeni, peke yako. Mie usinipe. Nikilisikia utakuwa umenipa mie, umempa mama anayekufa, na hilo ndilo ninalolikimbia. Nimeyasikia ya mtaa mzima, nimesikia ya ndani ya mageti na ya nyuma ya mageti. Hili moja nisilisikie.

Tokeni uani mkaongee. Mshike mkono dada yako, ngazi ile ina ufa. Msinionee huruma kuniacha, nimezoea chumba kitupu, leo angalau kitakuwa kitupu kwa sababu mko pamoja.

Na mlango, Valeri... urudishe wote. Wote mpaka komeo liingie. Masikio yangu nayajua.